Kinga ya Mkanda

Mpwa wangu ana mashine ya kusaga na kukoboa mahindi pembeni mwa mji wa Mbinga. Jioni moja ya mwezi wa Juni, miaka michache iliyopita, alikuja kwangu na bahasha kubwa ya kaki, akaniamkia, akavuta kigoda karibu na moto, maana Juni ya Umatengo haina mzaha. Akaanza kutoa karatasi moja moja na kuzipanga juu ya meza. Palikuwa na leseni ya biashara ya halmashauri, cheti cha Zimamoto, karatasi za mapato, za viwango na za vipimo, halafu zile alizozijia hasa: za OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mkaguzi alikuwa amepita. Alimwagiza awapeleke vijana wake watatu wakapimwe afya, anunue sanduku la huduma ya kwanza na barakoa za vumbi, na afunge kinga juu ya mikanda ya mashine.

"Mjomba," akasema, "mimi nasagia watu mahindi. Sina mgodi, sina meli. Hivi nimekosa nini?"

Nilimjibu kwa namna ya wazee, yaani nilimmiminia chai. Ukweli ni kwamba alipotaja mikanda nilishikwa na jambo jingine, ambalo nitalieleza mahali pake. Lakini swali lake ni la haki, na lina umri mkubwa kuliko OSHA. Baada ya yeye kuondoka nilikaa nikijiuliza mzigo huu anaoulalamikia ulikuwa wapi kabla haujafika mlangoni kwake. Maana haiwezekani ulizaliwa siku ile mkaguzi alipoegesha pikipiki.

Twende mbali kidogo, halafu turudi nyumbani. Uingereza, nchi iliyotuachia sheria nyingi, iliteua wakaguzi wa viwanda mwaka 1833, nao walikuwa wanne tu kwa ufalme mzima. Mwaka 1844 Bunge lao likaamuru mitambo inayozunguka ifunikwe mahali ambapo watoto na vijana walifanya kazi au kupita. Wenye viwanda vya nguo waliona wameonewa. Walisema mihimili ile ya chuma iko juu ya vichwa vya watu, ni nani atakayeifikia? Walisema gharama zitawafilisi na biashara itakwenda kwa wageni, na kwamba anayenaswa amejitakia kwa uzembe wake. Mwaka 1855 wakaunda chama cha kupigania jambo hilo, na gazeti alilolihariri Charles Dickens likakidhihaki kwa kukibandika jina la chama cha kuwakatakata wafanyakazi. Mimi sikupata kusoma dhihaka hiyo chuoni. Tulifundishwa Mapinduzi ya Viwanda kwa majina ya mashine na ya waliozibuni. Habari za mikono iliyoachwa ndani ya mashine hizo hazikuwa katika mtihani.

Sheria ile ilirekebishwa mara nyingi, ikakusanywa upya mwaka 1937, na kwa mfano wake Tanganyika ikapata Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Mwaka mmoja kabla yake, 1949, ilikuwa imetungwa ile ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia. Kwa hiyo kwenye karatasi mfanyakazi wa nchi hii alikuwa na ulinzi miaka kumi na zaidi kabla ya Uhuru. Mashine iwe na kinga, jengo lisajiliwe, ajali itolewe taarifa, aliyeumia alipwe.

Sasa nirudi Umatengo. Kahawa ilikwisha kuingia kwetu tangu miaka ya 1920, lakini si kila kijana alikuwa na miche, na kodi haikusubiri miche izae. Vijana wa Songea, Mbinga ikiwa bado ndani yake, walikuwa wakienda manamba. Tangu 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya watu wa bara na kuwapeleka Tanga, Korogwe na Morogoro. Baba yangu mdogo alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati vita vya Korea vilipokuwa vimeupandisha mkonge bei hata wakauita dhahabu. Alianza kwa kukata majani shambani, kwa kipande cha siku thelathini. Baadaye akahamishiwa kwenye korona.

Msomaji wa leo huenda hajui korona ni nini. Ni mashine ya kuparua majani ya mkonge ili nyuzi zibaki. Ndani yake mna ngoma kubwa yenye vyuma inayozunguka kwa kasi, maji yakimwagika na takataka za kijani zikiruka, na kelele ambayo baba mdogo aliifananisha na mto Ruhuhu wakati wa masika. Watu husimama mahali pa kuingizia majani wakiyapanga kwa mikono. Jani likikwama, mkono hulifuata.

Alirudi na vidole viwili vya mkono wa kulia. Tulipomuuliza, sisi watoto, alitueleza kwamba alifungwa dawa, akapumzishwa, kisha akapewa nauli na blanketi. Sijui kama alisaini karatasi yoyote, hakuwa anajua kusoma. Kodi aliyoikimbilia Tanga aliilipa. Lakini yule aliyelipa korona alikuwa mke wake, na ili kulieleza hilo inabidi niseme neno kuhusu ngoro. Ngoro ni kilimo chetu cha mashimo kwenye miteremko, kinachozuia mvua kubeba udongo. Kwa desturi mwanamume hufyeka nyasi kwa nyengo, akazipanga mistari inayokatana kama madirisha, na mwanamke hufuata akichimba udongo na kuzifunika. Mtu mwenye vidole viwili hashiki nyengo siku nzima. Mama mdogo alifyeka, akapanga, akachimba, akafunika, miaka ishirini na zaidi. Shamba lile la Tanga liliuza nyuzi zake, meli zikazibeba, na katika hesabu zake sidhani kama palikuwa na mstari wa mama huyu.

Kwa ndugu zetu wa ziwani mambo yalipita njia nyingine. Kutoka Tukuyu na kandokando ya Ziwa Nyasa wanaume walivuka au kuzunguka ziwa wakaenda kusini, wengine kwa WENELA, chama cha kuandikisha watu kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Serikali ya Uhuru ilifunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliorudi walirudi na masanduku ya bati, baiskeli na gramafoni, na baadhi yao walirudi na kikohozi. Vumbi la mwamba wa dhahabu huingia kifuani na kukaa, na huweza kungoja miaka mingi kabla ya kudai chake. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilipitisha makubaliano ambayo kwayo kampuni sita za dhahabu zingelipa fidia kwa waliougua mapafu migodini. Nilifurahi niliposoma, hadi nilipofika kwenye tarehe. Makubaliano yanawahusu waliofanya kazi humo kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Watu wetu walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Makaburi yao yako Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, na gharama ya kunyunyizia maji vumbi la mgodi, ambayo mtu fulani aliona ni kubwa mno, ilihamia humo pamoja nao.

Hapo mpwa wangu angeniambia, "Mjomba, hao walikuwa makaburu na wazungu wa mkonge. Mimi ni mtoto wa hapa." Basi niwaeleze yaliyotupata sisi watoto wa hapa, tena tusiokuwa na nia mbaya.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kijiji chenyewe kikafanywa ndicho ushirika. Kijiji kikawa mkulima, mfanyabiashara na mwajiri. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani ambacho sitakitaja, maana wahusika wengine wangali hai, na lawama ni yangu na ya wenzangu wachache. Kama ilivyokuwa siku zile, mwalimu alikuwa katibu wa kila kitu: wa kamati ya maji, wa duka la kijiji, na wa mashine. Mashine yetu ya kusaga ilinunuliwa kwa fedha za kahawa. Injini ilikuwa Lister, na mkanda mpana wa turubai ulitoka kwenye gurudumu lake, ukapita hatua kadhaa wazi, ukaenda kuzungusha kinu. Kabla yake akina mama walikuwa wakitwanga, au wakienda saa tatu kwa miguu na debe kichwani. Siku ilipowashwa mara ya kwanza watu walipiga vigelegele hata sauti ya injini haikusikika, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Mashine ilikuja na kinga. Hili nataka lieleweke. Ilikuwa fremu ya chuma yenye wavu, iliyofungwa kwa boliti sita. Tuliifunga. Lakini mkanda wa turubai una tabia ya kuteleza unapolegea, hasa asubuhi za baridi na umande, na dawa yake ni kuupaka nta upande wa ndani. Kuupaka nta huku kinga imefungwa haiwezekani. Kufungua boliti sita, kupaka, na kuzifunga tena, kulichukua karibu nusu saa, na foleni ilikuwa imeanza alfajiri. Kijana wetu wa mashine akawa anaifungua asubuhi na kuifunga jioni. Baadaye hakuifunga. Mwisho kinga ikahamia nyuma ya kibanda, na kuku wa jirani wakatagia humo.

Niliiona pale nyuma. Katika kikao kimoja mzee mmoja wa kamati alisema tumtafute fundi abadilishe, aweke kilango chenye bawaba ili mtu aweze kupaka nta bila kufungua kinga nzima. Fundi alikuja, akapima, akataja bei yake. Sikumbuki shilingi ngapi, nakumbuka tu kwamba ilikuwa chini ya bei ya pipa moja la dizeli. Tulikuwa na deni la dizeli, na dizeli yenyewe ilikuwa ya kubembeleza, kwani nchi ilikuwa katika ile miaka migumu baada ya vita vya Kagera. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Niliandika: suala la kinga liahirishwe hadi msimu ujao wa kahawa. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Msimu ulikuja, kahawa ikauzwa, malipo yakachelewa, hatukulikumbuka. Mwezi Julai mwaka 1983, saa mbili asubuhi, ukungu bado haujapanda, kijana wetu aliinama kupaka nta mkanda ukiwa unakwenda. Alikuwa amevaa koti kubwa la mitumba kwa sababu ya baridi, lenye mikono mirefu. Nilikuwa darasani, darasa la sita, nikifundisha sehemu za mia. Tulisikia injini ikibadili sauti, ikanguruma kama inayopanda mlima, halafu akina mama.

Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko katika hospitali ya misheni, baada ya kubebwa kwa machela kutwa nzima, wanaume wakipokezana. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kuandika.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Nitasema tulichofanya bila kupamba. Tulitoa magunia mawili ya mahindi na fedha kidogo kutoka mfuko wa kijiji. Mwenyekiti alisema ni bahati mbaya, na kwamba kijana alikuwa na haraka. Mama yake aliletwa kushukuru. Alipiga magoti mbele yetu, akasema, "Asanteni baba zangu, asante Mwalimu." Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kijana yule alikuwa mfanyakazi na sisi tulikuwa waajiri. Tulimwita kijana wetu. Hatukupeleka taarifa popote. Kwa tafsiri ya sheria ile ya 1950, iliyokuwa bado inatumika, kibanda chetu cha bati kilikuwa kiwanda. Mimi hilo nililijua nikiwa nimestaafu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kumwona mkaguzi wa viwanda katika kijiji chochote nilichofundisha. Mkaguzi wa shule alikuja, wa afya alikuja kutazama vyoo, bwana shamba alikuja kuhesabu miche.

Na hata tungepeleka taarifa angepata nini? Sheria ya fidia ya 1949 ilibaki na viwango ambavyo shilingi ilivikimbia na kuviacha nyuma. Hadi ilipobadilishwa, kikomo cha malipo ya kifo kilikuwa shilingi 83,000, na cha ulemavu wa kudumu shilingi 108,000. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ukaanza kukusanya michango mwaka 2015. Kabla ya hapo mwajiri mwenye hesabu kali angeweza kugundua kwamba kumlipa aliyekatika mkono ni rahisi kuliko kununua kinga. Sisemi wengi walipiga hesabu hiyo. Sisi hatukuipiga. Matokeo yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba sheria za usalama zimewaletea wenye biashara gharama ambayo haikuwepo, mimi siwezi kukubali. Ilikuwepo. Niliiona ikibebwa kwa machela. Baba mdogo aliibeba, mama mdogo akaipokea, mama wa kijana yule akapiga magoti chini yake. Sheria inaitafuta tu na kuirudisha kwenye daftari la mwenye mashine, ambako ilipaswa kuandikwa tangu mwanzo, na ni kweli kwamba humo inaumiza, kwa kuwa kwenye daftari inaonekana.

Hata hivyo nisimwonee mpwa wangu. Kuna sehemu ya malalamiko yake ambayo ni kweli tupu, na Serikali yenyewe ilikuja kuikiri. OSHA ilianzishwa kama wakala mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ikafuta ile ya 1950. Ilikuwa sheria nzuri, maana haikuishia kwenye viwanda. Iliingia shambani, dukani, ofisini, kila mahali ambapo mtu anamfanyia mwingine kazi. Lakini wakala hujiendesha kwa ada. Mtu akasajili mahali pa kazi kwa ada, akapata cheti cha kukidhi matakwa kwa ada, akapima afya za wafanyakazi kwa ada ya kila kichwa, huku milango mingine nayo ikigongwa. Chukua chama cha msingi cha kahawa chenye mtambo wa kumenya. Kina leseni ya Bodi ya Kahawa, kibali cha bonde kwa ajili ya maji ya kuoshea, cheti cha mazingira, vipimo vya mizani, Zimamoto, ushuru wa halmashauri, kisha OSHA na Mfuko wa Fidia. Kila mmoja anakuja na gari lake na siku yake. Makarani wa vyama wamenionyesha majalada. Katika chama kimoja jalada la usalama lilikuwa nene na lenye mihuri yote, na mashine ya kumenya ilikuwa na mkanda uchi. Niliusogelea nikautazama. Karani akaniambia, "Mwalimu, hilo tumeshalilipia."

Neno hilo lilinikera kuliko malalamiko yote ya mpwa wangu. Mtu anapolipia karatasi kwa bei ya kinga, hataweka kinga, na dhamiri yake itakuwa safi kwa sababu ana risiti. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule wanaouita Blueprint, na ada kadhaa za OSHA zikafutwa, ikiwemo ya kusajili mahali pa kazi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa sekta binafsi, uliokuwa asilimia 1 ya mishahara, ulishushwa mwaka 2021 hadi asilimia 0.6 na mwaka 2022 hadi 0.5. Hayo ni mema. Wapo waliodhani kwamba kupunguza ada ni kupunguza usalama. Mimi naona kinyume, mradi fedha inayobaki mfukoni ifike kwa fundi wa kuchomelea.

Kule ziwani ubishi ni wa maboti. Kabla barabara hazijawa nzuri, na hadi leo kwa vijiji vingine, mtu wa Nyasa alisafiri kwa boti au mtumbwi wenye mashine, juu ya magunia ya dagaa na mihogo, pamoja na mbuzi. Baada ya MV Bukoba kuzama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia, na tena baada ya MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya 220, ukaguzi ukakazwa hata kwetu: idadi ya abiria, maboya, majaketi ya kujiokolea. Mwenye boti mmoja wa Mbamba Bay alinilalamikia kwamba majaketi yamemla faida ya mwaka, na abiria hawataki kuyavaa kwa sababu yananuka samaki. Nikamuuliza upepo wa mwera unapoamka Agosti yeye mwenyewe huvaa? Akacheka, akasema yeye anajua kuogelea. Nilikuwa nimekaa juu ya majaketi hayo wakati huo, yalikuwa yamegeuzwa mto wa kukalia nahodha.

Makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, ndiyo yaliyowaonyesha vijana wetu wengi kofia ngumu na viatu vyenye chuma kwa mara ya kwanza. Huko sheria inaonekana kwa macho. Ajabu ni kwamba kofia ile imekuwa alama ya heshima, kijana huivaa hadi gulioni. Vumbi linaloinuka nyuma ya malori na kutua kwenye vibaraza vya watu wa kando ya barabara ni habari nyingine, maana kibaraza hakihesabiwi kuwa mahali pa kazi.

Nirudi kwa mpwa wangu. Baada ya ile jioni ya karatasi nilikwenda kwenye mashine yake asubuhi. Sasa ni umeme, mota na mikanda myembamba mitatu sambamba, hakuna tena nta. Ilikuwa wazi. Nilisimama kando nikamsubiri amalize foleni, kisha nikamweleza habari ya 1983, yote, pamoja na muhtasari na mwandiko wangu. Alikuwa akimfahamu mtu yule maisha yake yote, na siku zote alidhani alipoteza mkono vitani. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alidhani tu, kwa kuwa watu wa rika lile waliokatika viungo walisemwa ni wa Kagera.

Alikaa kimya, akafuta vumbi la unga usoni. Kisha akaniambia bei ya bati nene na ya fundi, na kwamba vipimo vya afya vya vijana vimemaliza fedha ya mwezi. Tuligawana nusu kwa nusu. Fundi alichukua siku mbili.

Yule aliyekuwa kijana wetu sasa ana zaidi ya miaka sitini. Alilinda ghala la chama kwa muda mrefu, akasomesha watoto watatu, na Jumapili baada ya misa hunipa mkono wa kushoto na kusema, "Shikamoo Mwalimu," na mimi huitikia, na tangu 1983 hatukuwa tumezungumza juu ya mashine. Jumamosi ile kinga ilipomalizika alikuwa ameleta debe lake la mahindi. Aliliweka chini, akaisogelea ile kinga mpya, iliyopakwa rangi nyekundu, akaigonga kwa kidole. Aliinama akaitazama chini, akazunguka upande wa pili.

"Mwalimu," akasema, "inafunguliwa upande gani?"

Nikamwonyesha kilango na bawaba zake. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena kwa mkono mmoja, akihesabu kwa sauti ya chini ilimchukua muda gani.